Mafuta Yanayobeba Ujumbe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Lipidi, Vimeng'enya na Kubobea kwa Seli za Neva

Majibu haya yameandikwa Bukavu kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari wa chaguo la kemia na biolojia, wanafunzi wa miaka ya mwanzo ya tiba wanaosoma mambo haya kwa Kifaransa na kutakiwa kuyaeleza nyumbani kwa Kiswahili, na wazazi waliokwisha kuuziwa vidonge vya "kukuza ubongo wa mtoto" na wangependa kujua walichonunua. Maswali yamefuata mpangilio wa wanaouliza, wala si wa kitabu cha biolojia, na mengine yamejibiwa kwa urefu kuliko mengine kwa sababu ndiyo yenye mambo.

Kusema kwamba seli imebobea kuwa neva maana yake ni nini?

Seli zote za mtoto aliye tumboni zina jeni zilezile, ila kila seli husoma sehemu yake tu. Seli tangulizi ya neva ni seli iliyokwisha kuelekezwa upande wa ubongo na wa ugwe wa mgongo, yaani ule uzi mnene wa neva unaopita ndani ya mifupa ya mgongo, lakini ambayo bado inagawanyika na bado ina njia zaidi ya moja mbele yake. Inaweza kuzaa seli ya neva, au astrositi inayotunza mazingira ya neva, au oligodendrositi inayozungushia nyuzi za neva ala ya mielini, yaani tabaka la mafuta linalozifunika. Kubobea ni kuacha kugawanyika, kufunga jeni za uchanga na kufungua jeni za kazi, kisha kubadili umbo mpaka seli iliyokuwa na duara dogo iwe na matawi, na mojawapo ya matawi hayo iwe uzi mrefu uitwao aksoni.

Saa ya kuacha kugawanyika ni jambo zito, kwa kuwa seli ya neva iliyokomaa haigawanyiki tena. Seli tangulizi zikibobea mapema mno, akiba yao huisha kabla ubongo haujapata idadi yake. Zikichelewa, zinakosa kufika mahali pake kwa wakati. Ubongo wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na seli za neva bilioni 86, na sehemu kubwa ya zile za gamba la juu huwa zimekwisha kuzaliwa kabla mtoto hajatoka tumboni. Mrija wa neva, ambao ndio chanzo cha ubongo na ugwe wa mgongo, hujifunga mnamo siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mama wengi bado hawajaenda kupima.

Mafuta yanahusikaje? Tulifundishwa kwamba mafuta ni nishati na utando wa seli tu.

Mafundisho hayo si ya uongo, ila yameishia njiani. Ukikausha ubongo na kuondoa maji yake, nusu ya uzito unaobaki, au zaidi kidogo, ni lipidi, yaani mafuta na jamii yake. Kwa muda mrefu wanasayansi waliona wingi huo kama ukuta tu. Mwaka 1953 Mabel Hokin na Lowell Hokin walichukua vipande vya kongosho la njiwa, wakaviwekea fosforasi yenye mnururisho, kisha wakavichochea kwa asetilkolini, kemikali ambayo neva huitumia kutoa amri. Walichokiona ni kwamba fosforasi ile iliingia kwa kasi katika lipidi za utando. Ukuta wa kawaida haujengwi upya kila unapobishwa hodi, kwa hiyo ilibidi kukubali kwamba sehemu fulani ya lipidi hizo ilikuwa ikikatwa na kuundwa tena kwa sababu ya ujumbe uliopokelewa. Iliwachukua watafiti miaka 30 hivi kufahamu ujumbe wenyewe unavyosafiri.

Kama ujumbe ni lipidi, kimeng'enya kina kazi gani?

Kimeng'enya, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kemia mwilini, ndicho kinachoamua ujumbe utolewe lini, wapi, na uzimwe lini. Lipidi yenyewe imekaa kimya ndani ya utando. Ni mpaka ikatwe, au iongezewe kipande, ndipo inapokuwa na maana kwa seli. Hili ndilo jambo ambalo msomaji angelishika kabla ya mengine yote katika ukurasa huu, kwa sababu linajibu pia maswali ya vyakula na vidonge yaliyo hapo chini: seli haihesabu mafuta uliyokula, inasikiliza kimeng'enya kilichoyashughulikia.

Mfano unaofundishwa zaidi ni wa lipidi iitwayo PIP2, ambayo ni lipidi ya utando, fosfatidilinositoli, iliyobeba fosfati (vipande vyenye fosforasi) mbili za ziada. Iko upande wa ndani wa utando, tena kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha na lipidi nyingine. Kipokezi, yaani protini ya kupokea ujumbe iliyo juu ya seli, kikishikwa na kichocheo cha ukuaji, kimeng'enya fosfolipasi C huamka na kuikata PIP2 vipande viwili. Kipande cha kwanza, inositoli trifosfati, huyeyuka katika maji ya ndani ya seli, hufika kwenye ghala la kalsiamu na kulifungua. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1983 na watafiti ambao Michael Berridge alikuwa mmoja wao. Kipande cha pili, diasiligliseroli, hubaki ndani ya utando kwa kuwa ni cha mafuta, na hapo hukiita kimeng'enya kingine cha kubandika fosfati, kinasi C ya protini, ambacho Yasutoshi Nishizuka wa Kobe, Japani, alikigundua mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa mkato mmoja seli imepata ishara mbili, moja inayosafiri na moja inayokaa. Kalsiamu iliyotolewa na fosfati zinazobandikwa na kinasi C hufika mpaka kwenye kiini cha seli, ambako jeni za kubobea husomwa au hufungwa.

Je, kuna anayeweza kuliona jambo hili kwa macho?

Yupo, na halihitaji maabara ya ajabu. Mwaka 1976 Lloyd Greene na Arthur Tischler walieleza seli zinazoitwa PC12, zilizotoka katika uvimbe wa tezi ya adrenali ya panya. Zikiwa peke yake katika sahani ya maabara ni seli za duara, zimerundikana, zinagawanyika bila kuchoka. Ukiziongezea kichocheo cha ukuaji wa neva, kile ambacho Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986 kwa ugunduzi wao wa vichocheo vya ukuaji, seli hizo hupunguza kugawanyika, hujibandika chini, na baada ya siku chache hutoa nyuzi nyembamba ndefu kuliko seli yenyewe, kila uzi ukiwa na ncha iliyotanuka inayopapasa mbele. Darubini ya kawaida inatosha kuona hayo. Ndani yake, kipokezi cha kichocheo hicho kimekwisha kuamsha fosfolipasi C pamoja na kimeng'enya kingine cha lipidi, kinasi iitwayo PI3K, na watafiti wakikizuia kimoja au kingine, nyuzi hupungua au zinakosa mwelekeo.

Seli inajuaje tawi lipi liwe aksoni?

Neva changa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, ikipandwa kwenye sahani hutoa matawi mafupi kadhaa yanayofanana. Kwa muda hakuna tofauti. Kisha tawi moja linakimbia na kuyaacha mengine, nalo ndilo huwa aksoni. Katika ncha ya tawi hilo kimeng'enya PI3K huongeza fosfati ya tatu juu ya PIP2 na kutengeneza PIP3, na palipo na PIP3 hukusanyika protini zinazojenga mifupa ya seli na kusukuma utando mbele. Upande wa pili yupo mpinzani, kimeng'enya PTEN, kinachoiondoa fosfati hiyo na kuirudisha PIP2. Ukiizima PTEN katika neva hizo, aksoni zinaweza kuwa zaidi ya moja. Kwa hiyo umbo la neva, jambo ambalo tungelidhania kuwa la jeni pekee, linategemea pia fosfati moja iliyo juu ya lipidi moja, mahali pamoja na si pengine.

GDE2 ni nini, na kwa nini walimu wa chuo wanaitaja mara nyingi?

Kwa maoni ya mwandishi, hii ndiyo hadithi nzuri kuliko zote katika somo hili, na ndiyo inayoonyesha wazi jinsi kimeng'enya cha lipidi kinavyoamua hatima ya seli.

Ilianza katika viinitete vya kuku, yaani vifaranga vinavyoanza kuumbika ndani ya yai. Mtafiti hutoboa dirisha dogo kwenye ganda la yai, huingiza sindano ya kioo iliyo nyembamba kuliko unywele ndani ya mrija wa neva wa kiinitete, na kudondosha humo DNA ya jeni anayotaka kuichunguza. Kisha huweka waya mbili, moja kila upande, na kupitisha mapigo mafupi ya umeme. DNA ina chaji hasi, kwa hiyo huvutwa upande wa waya chanya na kuingia katika seli za upande huo tu. Dirisha hufungwa kwa utepe, yai hurudishwa kwenye joto. Baadaye ugwe wa mgongo ukikatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi, nusu moja ina jeni iliyoongezwa na nusu ya pili, katika kiinitete kilekile, ndiyo ya kulinganishia. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huo.

Kwa njia hiyo Shanthini Sockanathan na mwenzake, wakiwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Baltimore, Marekani, walionyesha mwaka 2005 kwamba protini GDE2 inazifanya seli tangulizi ziache kugawanyika na ziwe neva zinazoendesha misuli. GDE2 ni ya familia ya vimeng'enya vinavyokata glisero-fosfodiesta, yaani vipande vya lipidi za fosfati. Imepita ndani ya utando mara sita, na sehemu yake inayokata iko nje ya seli. Jambo hilo liliwashangaza watu: kimeng'enya kilicho na meno nje kinapataje kuamuru kiini kilicho ndani?

Jibu lilikuja hatua kwa hatua. Mwaka 2009 ilionekana kwamba GDE2 huamshwa na protini nyingine, Prdx1, inayofahamika kwa kazi ya kupunguza sumu za oksijeni. Prdx1 hufungua kifungo cha salfa kilichokuwa kimeibana GDE2. Mwaka 2013 ikajulikana kile ambacho GDE2 hukikata. Protini kadhaa za juu ya seli hazikupenya utando, bali zimeshikiliwa na nanga ya lipidi iitwayo GPI, kama mtumbwi uliofungwa kwa kamba ufukweni Kivu: kamba ikikatwa, mtumbwi mzima unaondoka ukiwa salama. GDE2 hukata nanga ya protini iitwayo RECK. RECK ilipokuwa imefungwa hapo, kazi yake ilikuwa kumzuia mkataji mwingine, ADAM10. RECK ikiondoka, ADAM10 inapata uhuru, nayo huikata protini Delta iliyo juu ya seli hiyo. Delta ndiyo iliyokuwa ikigusa kipokezi Notch cha seli jirani na kuiambia, "endelea kubaki tangulizi." Delta ikikosekana, Notch ya jirani hunyamaza, na jirani hubobea.

Angalia vizuri nani anaathirika. Neva changa iliyokwisha kubobea ndiyo inayobeba GDE2, lakini anayebadilika ni jirani yake ambaye bado ni tangulizi. Seli zilizotangulia huwavuta wenzao, na mnyororo huo wote umeanzia kwenye mkato wa nanga ya mafuta. Tena asidi ya retinoiki, tutakayoiona katika swali linalofuata, ni miongoni mwa vitu vinavyoifanya seli itengeneze GDE2.

Na kazi yake haiishii utotoni. Panya waliokosa GDE2 huzaliwa na kukua, lakini baadaye neva zao za mwendo huharibika.

Vitamini A inaingiaje katika mambo ya neva? Si ya macho?

Ni ya macho, ya ngozi, ya kinga, na ya ugwe wa mgongo pia. Vitamini A inayozunguka katika damu ni retinoli, ambayo kwa kubobea kwa neva haina nguvu mpaka ipite mikononi mwa vimeng'enya viwili mfululizo: cha kwanza huigeuza kuwa retinaldehidi, cha pili, kiitwacho RALDH, huigeuza kuwa asidi ya retinoiki. Asidi hiyo, kwa kuwa ni ya mafuta, hupenya tando bila kuhitaji kipokezi cha juu, huingia mpaka kwenye kiini na kushika vipokezi vilivyokaa moja kwa moja juu ya DNA. Vipokezi hivyo viligunduliwa mwaka 1987 na makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake, la Pierre Chambon huko Strasbourg, Ufaransa, na la Ronald Evans huko California.

Kimeng'enya cha tatu, CYP26, huivunja asidi hiyo. Kiinitete huweka RALDH mahali pamoja na CYP26 mahali pengine, na kati yao hupatikana mteremko: hapa asidi ni nyingi, pale ni kidogo, kule haipo kabisa. Seli husoma kiasi kilichopo na kujua kama iko shingoni au nyuma ya kichwa. Asidi ikizidi kila mahali, mteremko unapotea, na seli zinasoma anwani isiyo yake.

Basi mama mjamzito ale mawese na maini kwa wingi?

Mawese, ndiyo, kwa kiasi cha kawaida cha mboga. Rangi nyekundu ya mafuta ya mawese yanayouzwa katika soko la Kadutu ni karotini, ambayo bado si vitamini A. Kimeng'enya cha utumbo huikata na kuifanya retinaldehidi, na mwili ukiwa na vitamini A ya kutosha, hupunguza ukataji huo. Kwa hiyo sahani ya sombe (majani ya muhogo) iliyopikwa kwa mawese haiwezi kumpandisha mama mpaka kiasi cha hatari. Kinachosikitisha ni desturi ya kuyachoma mawese jikoni mpaka yawe meupe ili yasinuke: unapoona wekundu umepotea na moshi umepanda, karotini imeteketea nao.

Maini ni habari nyingine, kwa sababu yana retinoli iliyo tayari, tena nyingi sana, na mwili hauna mlango wa kuizuia. Kula mara chache hakuna neno. Kula kila siku katika miezi mitatu ya kwanza si shauri jema. Shirika la Afya Duniani linakubali vidonge vya vitamini A kwa wajawazito katika maeneo yenye upungufu mkubwa, kwa kiasi kisichozidi uniti 10,000 kwa siku. Vidonge wanavyopewa watoto wakati wa kampeni vina uniti 100,000 au 200,000. Mama mjamzito asimeze kidonge kilichobaki cha mtoto.

Na dawa za chunusi?

Isotretinoini, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1982 kwa ajili ya chunusi kali, ni ndugu wa karibu wa asidi ya retinoiki. Ikitumiwa na mjamzito huharibu uso, masikio, moyo na ubongo wa mtoto. Vidonge hivyo havinunuliwi mezani barabarani wala havigawanywi kati ya dada na dada. Mwanamke anayevitumia hutakiwa kujikinga na mimba, na kuendelea kujikinga mwezi mmoja baada ya kuacha.

Kolesteroli si adui? Kwa nini mnasema ubongo unaihitaji?

Ubongo ni asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili, lakini umebeba kati ya asilimia 20 na 25 ya kolesteroli yote. Karibu yote hutengenezwa humohumo, kwa kuwa kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo hakiiruhusu ile ya chakula kupita. Mambo ya kolesteroli ya damu na mishipa ya moyo ni shauri jingine.

Kwa habari ya kubobea, kolesteroli ina kazi moja ya pekee. Protini Sonic hedgehog, inayozipangia seli za ugwe wa mgongo nani awe neva ya mwendo na nani awe ya aina nyingine, hujikata yenyewe na wakati wa mkato hujibandika kolesteroli mwishoni, kama Philip Beachy na wenzake walivyoonyesha mwaka 1996. Kipande hicho cha mafuta hupima umbali ambao ujumbe utasafiri. Watoto waliozaliwa na kasoro ya kimeng'enya DHCR7, ambacho hukamilisha hatua ya mwisho ya kutengeneza kolesteroli, wana ugonjwa wa Smith-Lemli-Opitz, ulioelezwa mwaka 1964: ulemavu wa akili, vidole vya miguu vilivyoungana, na wakati mwingine ubongo wa mbele usiogawanyika vizuri.

Seramidi na gangliosidi ni nini?

Ni lipidi zilizojengwa juu ya sfingosini, jina lililotolewa mwaka 1884 na Thudichum, daktari aliyechambua kemia ya ubongo huko London. Seramidi ikizidi huisukuma seli kuacha kugawanyika, na hata kufa. Kimeng'enya kikiigeuza kuwa sfingosini na kingine kikiongeza fosfati, mabadiliko hayo hutoa ujumbe wa kuishi na kukua. Gangliosidi ni seramidi zilizovikwa sukari. Seli shina za neva zina gangliosidi sahili kama GD3; zinapobobea, vimeng'enya vinavyobandika sukari hubadilika na aina tata kama GM1 huchukua nafasi. Kuvunjwa kwao ni muhimu vilevile: mtoto asiye na kimeng'enya heksosaminidasi A hurundika GM2 ndani ya neva mpaka zinakufa, na huo ndio ugonjwa wa Tay-Sachs.

Je, bangi inahusiana na mambo haya?

Inahusiana moja kwa moja. Diasiligliseroli, kile kipande cha PIP2 kilichobaki ndani ya utando, kinaweza kukatwa tena na kimeng'enya DAGL na kutoa lipidi iitwayo 2-AG, ambayo hushika kipokezi CB1. Kabla ya kuzaliwa, DAGL hukaa ndani ya aksoni inayokua, na 2-AG yake husaidia aksoni kusonga mbele na kupata njia. Kimeng'enya kingine huivunja palipo pa kusimama. Kemikali kuu ya bangi, THC, hushika kipokezi hichohicho, hupita kondo la nyuma, na haivunjwi upesi, hivyo aksoni inaambiwa jambo ambalo hakuna aliyeamua. Mama mjamzito anayevuta ili kutuliza kichefuchefu angeshauriwa kutafuta njia nyingine kwa mkunga.

Tununue vidonge vya omega-3, au sambaza zinatosha?

Asidi ya mafuta DHA, mojawapo ya omega-3, hujazwa katika ubongo wa mtoto hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba na miaka ya kwanza baada ya kuzaliwa. Inaingia ubongoni ikiwa imebebwa na lipidi ya fosfati, kupitia mlango maalumu uitwao Mfsd2a, uliotambuliwa mwaka 2014. Ndani ya seli, fosfolipasi A2 huitoa kwenye utando inapohitajika. Mlango una kipimo chake, na vimeng'enya vina kipimo chao. Kumeza mara mbili hakumaanishi kubobea mara mbili.

Samaki wadogo ni chanzo kizuri cha DHA. Sambaza, walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huliwa wazima pamoja na kichwa, na kwa mama anayewapata mara mbili tatu kwa wiki pamoja na bugali hakuna sababu ya kubana bajeti ya nyumba kwa ajili ya chupa iliyokaa kwenye jua la dirishani. DHA huharibika kwa hewa, mwanga na joto; hilo ni kweli kwa sambaza walioanikwa muda mrefu, na ni kweli zaidi kwa vidonge ambavyo hakuna anayejua vimepitia maghala mangapi. Wachuuzi wanaoahidi kwamba mtoto atakuwa wa kwanza darasani wanauza ahadi. Kwa mimba changa, kidonge cha chuma na asidi ya foliki kinachotolewa kliniki ya wajawazito kina ushahidi mzito kuliko vyote hivyo.

Kuna ugonjwa wowote unaotibiwa kwa elimu hii?

Upo. Neuroblastoma ni saratani ya watoto wadogo inayotokana na seli tangulizi za neva zilizokataa kubobea. Asidi ya retinoiki ya aina ya 13-cis hutolewa baada ya matibabu makali ili kuzilazimisha seli zilizobaki zikomae, na tangu utafiti uliochapishwa mwaka 1999 imekuwa sehemu ya tiba ya watoto walio katika hatari kubwa. GDE2 imejitokeza humu pia: mwaka 2016 ilionekana kwamba uvimbe wenye GDE2 nyingi una matarajio bora, na kwamba katika sahani kimeng'enya hicho huzisukuma seli za neuroblastoma kubobea.

Neva iliyokatika ya mtu mzima inaweza kuamriwa ikue tena?

Katika panya, kwa kiasi fulani, imewezekana. Mwaka 2008 kundi la Zhigang He huko Boston liliondoa PTEN katika neva za jicho, kisha likauumiza mshipa wa neva wa jicho. Kwa kawaida aksoni hizo hazirudi kukua. Bila PTEN, PIP3 iliendelea kuwepo, na sehemu ya aksoni zilivuka mahali pa jeraha na kusonga mbele. Mtu anayesoma hayo akiwa na ndugu aliyeumia mgongo katika ajali ya pikipiki ataona matumaini, na ni haki yake. Lakini PTEN iligunduliwa mwaka 1997 kwa sababu ya kazi yake nyingine: ni kizuizi cha saratani, na uvimbe mwingi wa binadamu, wa ubongo ukiwemo, umeipoteza. Kwa hiyo watafiti hawatafuti namna ya kuiondoa moja kwa moja, bali namna ya kuinyamazisha kwa muda mfupi, katika neva zilizoumia tu, na kisha kuirudisha kazini.